Mafuta Chini, Wanyama Juu: Mambo ya Kujua Kabla Mtambo Haujafika

Msafiri atokaye Wajir kwenda Moyale hupitia Buna. Njiani, akiwa na macho mazuri, humwona swala twiga amesimama kwa miguu ya nyuma akila majani ya mgunga, na mbuni wakikimbia mbele ya gari. Nchi ni kavu, na asiyeijua huiona tupu. Si tupu. Chini yake huenda mna mafuta au gesi, na juu yake wako wanyama waliokwisha kuwa haba duniani. Mwezi huu twaeleza jinsi mambo hayo mawili yanavyogongana, na kwa nini yakuhusu wewe mkulima wa skimu, hata kama shamba lako liko mbali kando ya mto Tana.

Kutafuta mafuta huku si jambo geni. Visima vya kwanza vya kaskazini mashariki vilichimbwa miaka ya 1960. Bonde la Anza, lianzalo upande wa Ziwa Turkana na kuteremka kuelekea Garissa, limetobolewa mara nyingi tangu 1976. Kisima cha Bogal, upande wa Merti, kilichimbwa mwaka 2009 na 2010, kikapita mita 5,000 kwenda chini. Gesi ilionekana, lakini si ya kutosha biashara. Kisima cha Badada nacho kilifungwa mwaka 2015 bila faida. Basi mtu asikudanganye kwamba utajiri uko mlangoni. Lakini makampuni huondoka na kurudi, na kila yarudipo hukata njia.

Njia hizo ndizo mwanzo wa taabu. Kabla ya kuchimba, wataalamu huitikisa ardhi kwa magari mazito na kusikiliza mwangwi unaorudi kutoka chini. Ili magari yapite, kichaka hukatwa mstari ulionyooka, kilomita nyingi. Kazi hiyo huisha kwa miezi michache, bali mstari hubaki. Mchoma makaa huutumia, na mwindaji wa haramu pia.

Halafu ikiwa mtambo waja, huja na kiwanja, taa za usiku, malori ya maji na mashimo ya tope la kuchimbia. Shimo lisilozungushiwa ua ni mtego. Wenyeji wa Wajir hawahitaji kuambiwa jambo hili. Mwezi wa Desemba 2021, wakati wa ukame, twiga sita walikufa Sabuli baada ya kukwama katika matope ya bwawa lililokuwa likikauka. Lile lilikuwa bwawa la maji tu, wala halikuhusiana na mafuta, lakini mnyama mwenye kiu hapambanui shimo na shimo. Ng'ombe wako naye ni vivyo hivyo. Na twiga hawa wa kaskazini, wenye madoa kama wavu, waliandikwa mwaka 2018 katika orodha ya dunia ya wanyama walio hatarini.

Je, wanyama hawatazoea? Swali hili ni la haki, na limechunguzwa. Katika jimbo la Wyoming, Marekani, wataalamu waliwafuata kulungu kwa muda wa miaka 15 katika uwanja wa gesi. Kulungu hawakuzoea. Hata baada ya miaka mingi walikaa kiasi cha kilomita moja mbali na visima, na idadi yao ilipungua kwa asilimia 36. Lakini uchunguzi mwingine wa Wyoming ulionyesha dawa moja: pale ambapo maji machafu na mafuta mepesi yalipitishwa katika mabomba badala ya malori, malisho yaliyopotea yalikuwa pungufu kwa zaidi ya theluthi. Yaonekana mnyama hachukizwi sana na chuma kilichotulia. Humfukuza pilikapilika za magari na watu.

Huku kwetu yuko mmoja asiye na mahali pa kukimbilia, naye ni hirola, ambaye Wasomali humwita arawla. Makao yake ni Garissa, kati ya Tana na mpaka wa Somalia. Miaka ya 1970 walikuwa zaidi ya 10,000. Leo hawafiki 500. Sotoka ya miaka ya 1980 iliwaua wengi. Baadaye Dk. Abdullahi Ali, mwenyeji wa Garissa, pamoja na wenzake walipima nchi na kugundua kwamba kati ya 1985 na 2012 miti iliongezeka kwa asilimia 251 katika makao ya hirola, na majani ya malisho yakapungua. Hirola hutaka uwanda wa nyasi. Ndiyo sababu wafugaji wa huko sasa hung'oa vichaka na kupanda nyasi, kazi ambayo ng'ombe nao hufaidika. Ishaqbini, wenyeji walizungushia ua eneo mwaka 2012 wakaingiza hirola 48. Kipande kidogo cha nyasi kilichobaki kikikatwa na barabara, hasara yake ni kubwa kuliko ukubwa wa barabara yenyewe.

Nawe wa skimu, fikiri hivi: mnyama akifukuzwa malishoni wakati wa kiangazi, ataelekea penye maji na majani mabichi. Hapo ni mfereji wako na mahindi yako.

Sheria imekupa nafasi ya kusema. Ni sharti kampuni ipeleke kwa NEMA taarifa ya madhara kwa mazingira kabla ya kuanza, na taarifa hiyo hutangazwa gazetini ili raia watoe maoni. Katika ardhi ya jamii iliyoandikishwa, Sheria ya mwaka 2016 yataka thuluthi mbili za mkutano wa jamii wakubali mkataba. Sheria ya Petroli ya 2019 yaipa jamii asilimia 5 ya mapato ya serikali yatokanayo na mafuta, na kaunti asilimia 20.

Kwa hiyo wakija, waulizeni: Njia zitapita wapi, na nani atazifunga kazi ikiisha? Visima vingapi vitachimbwa kutoka kiwanja kimoja? Malori mangapi kwa siku, nayo yatapita usiku? Maji yatatoka kisima kipi? Mashimo yatazungushiwa ua lini, na kufukiwa lini? Majibu yaandikwe na kutiwa sahihi, nakala moja ibaki kwa wazee. Mazao yakiliwa na wanyama, piga ripoti mara moja kwa ofisi ya KWS iliyo karibu, kabla nyayo hazijafutika.