Mkono wa Daktari na Miaka Inayofuata

Tumchukue mwanamke wa mfano, mwalimu wa shule ya msingi Dar es Salaam, umri miaka 42. Urefu wake ni mita 1.60, uzito wake kilo 108. Ana kisukari cha aina ya pili, na magoti yanamuuma hata ngazi za kwenda darasa la ghorofani anazipanda kwa vituo. Ameshaacha wali wa usiku, ameshatembea alfajiri na wenzake, akapungua kilo 10, zikarudi 12. Sasa ameambiwa upo upasuaji wa kupunguza uzito. Kwenye simu ana majina matatu: daktari wa hapahapa mjini, daktari wa Nairobi, na hospitali moja ya India anayoletewa na wakala. Amchague yupi, na kwa kipimo gani?

Hesabu ya kwanza ni ya kujua kama upasuaji unamhusu. Hospitalini hutumia uwiano wa uzito na urefu, unaojulikana kwa herufi BMI. Zidisha urefu kwa urefu: 1.60 mara 1.60 ni 2.56. Gawa kilo 108 kwa 2.56, unapata 42.2. Kuanzia 25 ni uzito uliozidi, kuanzia 30 ni unene uliopitiliza. Mwaka 1991 jopo la wataalamu wa Marekani lilisema upasuaji ufikiriwe kwa mwenye 40 na zaidi, au 35 ikiwa ana magonjwa yatokanayo na unene. Mwaka 2022 chama cha madaktari wa fani hii cha Marekani na shirikisho lao la kimataifa walishusha kiwango: 35 hata bila ugonjwa mwingine, na 30 kwa mwenye ugonjwa kama kisukari. Kwa vipimo vyote viwili mwalimu wetu anaingia.

Pili, ajue ni upasuaji gani. Wengi wamesikia habari za puto, huduma iliyotangazwa sana ilipoanza kutolewa Muhimbili Mloganzila. Puto si upasuaji. Hupitishwa mdomoni, likajazwa ndani ya mfuko wa chakula ili mtu ashibe mapema, na baada ya miezi kadhaa hutolewa. Upasuaji wenyewe leo hufanywa zaidi kwa namna mbili, na mara nyingi kwa matundu madogo badala ya kupasua tumbo lote. Namna ya kwanza ni kukata mfuko wa chakula kwa urefu wake na kuondoa kama robo tatu au zaidi kidogo, ukabaki mrija wenye umbo la ndizi. Kilichokatwa hakirudi. Sehemu hiyo pia ndiyo inayotoa kwa wingi homoni ya njaa, ndiyo maana wagonjwa husimulia kwamba miezi ya mwanzo hata harufu ya chapati haiwasumbui. Namna ya pili ni mchepuo. Daktari hutenga kijifuko kidogo juu kabisa, cha takriban mililita 30, yaani nusu tu ya kikombe cha kahawa chungu ya barazani, kisha anakiunganisha moja kwa moja na utumbo mwembamba, chakula kikaruka sehemu kubwa ya mfuko na mwanzo wa utumbo. Mchepuo husaidia sana kwenye kisukari na kiungulia. Kukata mfuko ni kazi fupi zaidi, ila kiungulia huweza kuongezeka. Daktari anayejua namna moja tu atakushauri namna hiyo, kwa hiyo swali la upasuaji gani na swali la daktari gani hayaachani.

Twende sasa kwenye mkono. Katika namna zote mbili nyama hukatwa na kufungwa kwa stepla maalumu inayopanga safu za pini ndogo za chuma. Mstari huo wa pini ndio roho ya kazi. Ukishika, mgonjwa anarudi nyumbani baada ya siku chache. Ukiachia hata kitundu cha ncha ya kalamu, uchafu wa tumbo unavujia ndani ya mwili, na hapo kila saa ina thamani. Hatari nyingine ni kutoka damu, na damu kuganda kwenye miguu kisha kukimbilia mapafuni. Kwa jumla upasuaji huu si wa kutisha kama watu wanavyodhani. Katika utafiti mkubwa uliofanywa hospitali 10 za Marekani na kuchapishwa 2009, waliofariki ndani ya siku 30 walikuwa watu 3 katika 1,000. Lakini wastani huo unaficha tofauti kati ya daktari na daktari.

Tofauti hiyo ilipimwa jimbo la Michigan, na majibu yakachapishwa mwaka 2013. Madaktari 20 walikubali kila mmoja kutoa video moja ya mchepuo alioufanya mwenyewe. Video hizo zikaangaliwa na madaktari wenzao, angalau 10 kwa kila video, bila kuambiwa ni mikono ya nani, wakatoa alama kuanzia 1 hadi 5: anavyoshika nyama, asivyopoteza mwendo, anavyoliona eneo la kazi. Kisha alama zikalinganishwa na yaliyowapata wagonjwa zaidi ya 10,000 wa madaktari haohao. Robo ya madaktari waliopata alama za chini walikuwa na matatizo kwa wagonjwa 14.5 katika 100. Robo ya juu, 5.2. Vifo vilikuwa 0.26 katika 100 kwa wale wa chini na 0.05 kwa wale wa juu. Wote walikuwa mabingwa wenye leseni, jimbo moja, upasuaji mmoja. Usemi wa watu kwamba fulani "ana mkono" una ukweli unaopimika.

Tatizo ni kwamba mgonjwa hauoni mkono. Yeye amelala usingizi wa dawa. Anachoweza kukipata ni dalili zake, na dalili moja iliyojitokeza kwenye utafiti huohuo ni wingi wa kazi: wenye alama za juu walikuwa wakifanya upasuaji huo mara nyingi zaidi kwa mwaka. Ndiyo maana Marekani kituo kinachotaka ithibati kamili ya upasuaji huu hudaiwa kufanya angalau 50 kwa mwaka. Uingereza, kuanzia 2013, takwimu za madaktari wa fani hii zilianza kutangazwa kwa majina yao. Kwetu mgonjwa hana orodha ya namna hiyo ya kufungua. Anaweza kuhakikisha kwenye Baraza la Madaktari Tanganyika, au baraza la Kenya, kwamba daktari amesajiliwa na ubingwa wake ni upi. Anaweza kuuliza kama alipita Chuo cha Madaktari wa Upasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini chenye makao Arusha. Hayo yanaonyesha nani amefuzu upasuaji kwa jumla. Hayaonyeshi ni mara ngapi ameushika mfuko wa chakula wa mtu mwenye kilo 108.

Basi itabidi amuulize daktari mwenyewe, na majibu yanataka kusomwa kwa makini. Tuseme daktari wa mjini anamjibu: "Nimefanya 26, hakuna hata mmoja aliyevuja." Wa Nairobi anamjibu: "Nimefanya 400, wanne walivuja." Masikio yanapenda jibu la kwanza. Hebu tulipige hesabu. Tuchukulie hatari halisi mikononi mwa daktari wa kwanza ni kubwa, 5 katika 100. Uwezekano wa mgonjwa mmoja kupona bila kuvuja ni 0.95. Wa wagonjwa 26 mfululizo ni 0.95 iliyozidishwa kwa yenyewe mara 26, na jibu ni kama 0.26. Maana yake, daktari mwenye hatari kubwa kiasi hicho ana nafasi zaidi ya moja kati ya nne ya kufikisha 26 bila doa. Sifuri yake haijathibitisha kitu. Wanne katika 400 ni 1 katika 100, na idadi ni kubwa kiasi kwamba bahati pekee haiwezi kuificha hatari ya 5. Tena yule wa pili amekiri kuvuja kunatokea, na akiulizwa "wale wanne uliwafanyaje?" ana la kusimulia.

Swali hilo la mwisho ndilo ninaloona wagonjwa wengi hawalifikii. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani walilinganisha hospitali 186 katika upasuaji wa jumla na wa mishipa. Hospitali zenye vifo vichache na zile zenye vifo vingi zilikaribiana kwa idadi ya matatizo: wagonjwa 24.6 katika 100 na 26.9. Vifo ndivyo vilivyotofautiana karibu mara mbili, 3.5 na 6.9. Kilichozitenganisha ni namna tatizo lilivyogunduliwa na kushughulikiwa. Dalili ya mapema ya kuvuja huwa ndogo: mapigo ya moyo yanakwenda mbio wakati mgonjwa anasema anajisikia vizuri tu. Nani atayahesabu saa nane usiku? Kuna chumba cha wagonjwa mahututi? Mtaalamu wa usingizi analala karibu au ng'ambo ya daraja? Daktari mmoja mwenye mkono mzuri ndani ya hospitali inayolala usiku ni nusu ya huduma.

Hadi hapa tumezungumzia siku 30. Sasa lipo jambo ambalo mimi binafsi lilinibadilisha mawazo. Mwaka 2016 ulichapishwa ufuatiliaji wa madaktari haohao 20 wa Michigan, wagonjwa wao walipofikisha mwaka mmoja. Safari hii alama za mkono hazikuleta tofauti: si kwenye uzito uliopungua, si kwenye kupona kwa magonjwa. Mkono uliamua nani apite salama mwezi wa kwanza, haukuamua nani apungue.

Kinachoamua ni kazi ndogondogo za miaka. Mwili uliochepushwa haunyonyi vizuri madini ya chuma, kalisi na vitamini B12, kwa hiyo mtu hunywa vidonge maisha yake yote na kupimwa damu kila mwaka. Akitapika wiki kadhaa mfululizo anaweza kupungukiwa vitamini B1, na hilo lisipotambuliwa mapema huharibu mishipa ya fahamu. Akiwa wa umri wa kuzaa huambiwa asubiri mwaka mmoja hadi mwaka na nusu kabla ya kushika mimba. Dawa za kisukari lazima zipunguzwe haraka, la sivyo sukari itaporomoka. Kisha uzito wenyewe: katika utafiti wa Sweden ulioanza 1987, waliofanyiwa mchepuo walipungua asilimia 32 ya uzito wao katika mwaka wa kwanza na wa pili, na walipofikisha miaka 10 walikuwa wamebakiwa na upungufu wa asilimia 25. Bado ni faida kubwa, lakini anayemfuatilia mgonjwa pale kilo zinapoanza kurudi ndiye anayezizuia zisirudi zote.

Hapo ndipo ushahidi wa jirani unapopotosha, na ndio wagonjwa wengi wanaoutegemea. Mwalimu wetu alimwona shemeji wa rafiki yake kwenye harusi, gauni la zamani limepunguzwa pande zote mbili, akaomba namba ya daktari. Shemeji yule ana miezi minane tangu apasuliwe. Kila mtu hupendeza miezi minane. Aliyeanza kurudisha kilo mwaka wa nne haendi kwenye harusi kutaja jina la daktari wake. Na wengi kwetu hawasemi kabisa kwamba walipasuliwa. Wanasema wameacha sukari, kwa kuogopa kuambiwa ni wavivu waliotafuta njia ya mkato. Aibu hiyo, ambayo haina msingi kwa ugonjwa wenye mizizi ya kurithi na ya homoni, inamgharimu anayekuja nyuma: mashahidi wanaobaki ni wachache, na wote ni wa mwaka wa kwanza. Akipata nafasi ya kuzungumza na mgonjwa mmoja tu, namshauri atafute wa mwaka wa tano, amuulize damu alipima lini mara ya mwisho.

Wakala wa India, kwa haki, anauza kitu cha kweli. Ziko hospitali kule ambazo madaktari wake wamefanya upasuaji huu maelfu ya mara. Lakini kifurushi kina tiketi, hoteli na upasuaji, kisha kinaishia uwanja wa ndege. Uvujaji huweza kujitokeza mgonjwa akiwa ameshatoka hospitali, damu huganda kirahisi zaidi katika safari ndefu ya kukaa, na daktari wa zamu wa Dar es Salaam atakayempokea hajui alikatwa vipi wala wapi.

Nikiyaweka yote ubaoni, mpangilio ninaoukubali ni huu. Mkono uwe wa kwanza, kwa maana ya kizingiti: asiyefanya kazi hii mara kwa mara, katika hospitali inayokesha, aondolewe hata kama ni mpole na yuko karibu. Kati ya waliovuka kizingiti, nisingemtafuta mwenye mkono bora kuliko wote. Ningemtafuta atakayepatikana mwaka wa tano. Kwa mwalimu huyu, daktari wa mjini na 26 zake ningempa nafasi kama tu anasimamiwa mezani na mwenzake mwenye mamia. La sivyo ningeelekea Nairobi, ikiwa daktari wa kule atakubali, kabla ya tarehe kupangwa, kuandikiana na daktari wa kisukari anayemtibu mwalimu Dar es Salaam. India ningeifikiria kwa sharti hilohilo, na ningeongeza uzito kwa daktari yeyote ambaye amewahi kumwambia mgonjwa asubiri, au ajaribu kwanza sindano mpya za kupunguza hamu ya kula.

Katika daftari la mwalimu maswali yamejaa ukurasa mzima, mengine ameyakata. Moja amelipigia mstari na kuwatumia wote watatu, neno kwa neno: "Mwezi wa kumi na nane, nikija na kizunguzungu na vidole vinakufa ganzi, nitamwona nani?" Wa mjini ametaja jina la mtaalamu wa lishe na siku ya kliniki, Jumatano. Wa Nairobi ametuma fomu ya vipimo vya damu vya miezi 3, 6, 12 na 18, na kuomba namba ya daktari wake wa kisukari. Wakala amemjibu kwamba punguzo la bei linaisha mwisho wa mwezi.