Chumvi, Asetoni au TCA: Ipi Nafuu Kweli kwa Kukusanya Protini?

Mwanafunzi wa uzamili akikabidhiwa bajeti ya kemikali, kwanza hulinganisha bei za chupa. Kwa kazi ya kukusanya protini kutoka kwenye mmumunyo, hesabu hiyo inapotosha. Nyuma ya chupa kuna sentrifuji, barafu, umeme wa friza, mifuko ya dayalisisi, utupaji wa taka na, ghali kuliko vyote, protini inayoharibika njiani. Tuzipime njia tatu zinazotumika zaidi kwa kazi moja: mililita 100 za sampuli, protini itoke na kutua chini kama mashapo.

Kabla ya kuuliza bei, jiulize protini hiyo ina kazi gani mbele. Kama unapima nguvu ya kimeng'enya au unatafuta kingamwili, lazima umbo lake lisalimike. Kama inakwenda kwenye jeli au kwenye spektrometa ya masi, umbo likivunjika hupotezi kitu. Jibu la swali hili peke yake huweza kuondoa baadhi ya machaguo.

Amonia salfeti: nafuu dukani, hudai muda

Chumvi hii inapozidi kwenye maji, huyavuta maji yaliyokuwa yamezizunguka protini, nazo hushikana zenyewe kwa zenyewe na kutua. Franz Hofmeister alikwishazipanga chumvi kwa nguvu hiyo huko Prague mwaka 1888, na salfeti ikawa miongoni mwa zenye nguvu zaidi. Sifa yake kubwa ni upole: protini nyingi huyeyuka tena na kufanya kazi kama awali.

Kufikisha mililita 100 kwenye asilimia 60 ya ukolezi kamili, kwenye barafu, unahitaji takriban gramu 36. Kilo moja basi inatosha mara 27. Ujazo unapanda hadi kama mililita 120 tu, kwa hiyo sentrifuji haielemewi.

Gharama iko kwenye mkono na saa. Bika hukaa kwenye barafu, kikorogeo kinazunguka polepole, na chumvi iliyosagwa inaingia kidogokidogo. Kila kiasi kiyeyuke kabla ya kingine kufuata. Taratibu kioevu kinageuka cheupe kama tui jepesi. Ukiimwaga kwa pupa, sehemu moja ya bika inakolea kupita kiasi na protini usizozitaka zinatoka pamoja na unazozitaka. Ukikoroga kwa nguvu, povu linaziharibu.

Baadaye chumvi lazima iondolewe: dayalisisi ya usiku kucha, bafa ikibadilishwa mara mbili au tatu. Acha nafasi ndani ya mfuko, kwani maji huingia kufuata chumvi na mfuko uliojazwa pomoni unaweza kupasuka. Rota ya alumini ioshwe mara baada ya kazi, isiliwe na chumvi. Na mabaki yasikutane kamwe na dawa ya klorini ya kusafishia, kwa sababu hutoa gesi ya sumu.

Wengi hujiuliza kuhusu mbolea ya SA, ambayo ni kemikali hiyohiyo. Kwa kuwaonyesha wanafunzi jinsi ute wa yai unavyotoka kwenye maji, inafaa. Kwa kimeng'enya, usiithubutu: haikusafishwa kwa kazi hiyo, na metali nzito hata kwa kiasi kidogo huweza kukizima. Nunua daraja lililosafishwa kwa ajili ya vimeng'enya.

Asetoni: kazi fupi, shehena kubwa

Hapa unaongeza ujazo mara nne wa asetoni iliyopozwa hadi nyuzi 20 chini ya sifuri, unasubiri saa moja au zaidi, kisha unazungusha. Mashapo hutoka bila chumvi nyingi, na asetoni inayobaki hupaa yenyewe. Ila usiyakaushe kupita kiasi, maana yatakataa kuyeyuka. Protini nyingi pia hupoteza umbo.

Sasa hesabu. Mililita 100 zinataka mililita 400, kwa hiyo chupa ya lita 2.5 inaisha baada ya mara sita. Mbele yako kuna nusu lita ya kuzungusha. Kwa sentrifuji ndogo yenye nafasi 24 za mirija ya mililita 2, hiyo ni mirija 250 na mizunguko 11. Asetoni pia hushika moto upesi: mvuke wake ndani ya friza ya kawaida, yenye swichi inayotoa cheche, ni hatari. Aidha, imo kwenye Jedwali la Pili la Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1988 dhidi ya dawa za kulevya, kama kemikali bashirifu. Ukiiagiza, tenga muda wa vibali.

Kwa sampuli ya mililita moja, mambo hugeuka. Hapo asetoni ni ya haraka na nafuu.

TCA: hukusanya hata kidogo, hairudishi umbo

Asidi ya trikloroasetiki (TCA) ikifika asilimia 10 huzitoa hata protini zilizo chache sana. Mililita 100 zinahitaji gramu 11 hivi, kwa hiyo chupa ya gramu 500 inafika mara 45, na ujazo haupandi sana. Hata hivyo protini huharibika umbo, mashapo huwa magumu kuyeyusha, na lazima uyaoshe kwa asetoni baridi kuondoa asidi. Asidi yenyewe huunguza ngozi vibaya: glavu, miwani na chemba ya kuvuta hewa ni sehemu ya bei.

Hatua zinazopungua ni fedha

Nafuu huweza pia kutoka nje ya njia hizi tatu. Taasisi ya Clodomiro Picado ya Costa Rica, inayotengeneza dawa za sumu ya nyoka, zikiwemo za Afrika, hutumia asidi ya kapriliki kwenye plazma ya farasi. Asidi hiyo hutoa protini nyingine na kuziacha kingamwili zikielea kwenye kioevu. Bidhaa yenyewe haijaguswa, na hatua za kazi zinapungua.

Uamuzi

Kimeng'enya au kingamwili, sampuli kubwa: amonia salfeti. Ina faida moja zaidi kwa maabara zinazokatikiwa umeme: vimeng'enya vingi hudumu miezi ndani ya chumvi hiyo kwenye nyuzi 4, na baadhi huuzwa hivyo hivyo. Sampuli ndogo ya jeli: asetoni. Protini chache kwenye kioevu kingi, umbo likiwa halijalishi: TCA.

Lolote utakalochagua, lijaribu kwanza kwa mililita moja, kisha upime protini kwenye mashapo na kwenye maji ya juu. Gawanya gharama yote kwa miligramu za protini nzima uliyopata. Hiyo ndiyo bei ya kupeleka kwa msimamizi wako.