Mita 3.5 za Shaba, Dola Bilioni 100 za Ahadi

Desemba 2009, mataifa yalipokutana Copenhagen, Denmark, kwa mkutano wa tabianchi wa COP15, bandari ya mji huo ilikuwa na sanamu mbili zilizopakana. Ya kwanza ni ile maarufu ya binti nguva, kazi ya Edvard Eriksen ya mwaka 1913, yenye kimo cha mita 1.25 tu. Ya pili ilikuwa ya shaba, mita 3.5: mwanamke mnene wa Kizungu, mizani mkononi, macho kayafumba, kakalia mabega ya Mwafrika aliyekonda hata mbavu zinahesabika. Waliiunda Jens Galschiøt na Lars Calmar mwaka 2002. Maandishi yake yanamsemea mwanamke huyo: anamwonea huruma anayembeba, yuko tayari kumsaidia kwa kila njia, ila kushuka hashuki.

Tashtiti huruhusiwa kukuza mambo. Hii nimeipima kwa tarakimu, na naona haikukuza.

Tuanze na uzito wenyewe. Mtanzania mmoja kwa wastani hutoa takriban robo tani ya kaboni dioksaidi kwa mwaka. Mmarekani hutoa kama tani 14. Gawa 14 kwa majuma 52, na utaona kwamba anachotoa Mmarekani kwa juma moja kinalingana na cha Mtanzania kwa mwaka mzima. Afrika yote, yenye watu zaidi ya bilioni 1.4, huchangia kama asilimia 4 ya hewa hiyo duniani.

Galschiøt aliiweka sanamu hiyo chini ya mradi alioupa jina la mita saba, kwa sababu barafu yote ya Greenland ikiyeyuka, bahari itapanda kwa kiasi cha mita 7. Hizo ni sanamu mbili kama yake, moja juu ya nyingine, au nyumba ya ghorofa moja hadi paani. Kuyeyuka kote huko kungechukua karne nyingi, na ni haki kulisema hilo. Lakini tayari Greenland hupoteza zaidi ya tani bilioni 200 za barafu kila mwaka.

Fedha ndizo zinazoniuma zaidi. Katika mkutano uleule nchi tajiri ziliahidi kufikisha dola bilioni 100 kila mwaka ifikapo 2020, ili nchi zinazoendelea zipunguze hewa chafu na zijikinge na madhara. Kwa hesabu za OECD, shirika la nchi tajiri, mwaka 2020 zilipatikana bilioni 83.3, na 2021 bilioni 89.6. Lengo lilifikiwa 2022, kwa bilioni 115.9, miaka miwili baada ya muda uliowekwa. Sasa zifungue hizo bilioni 115.9 uone kilichomo. Bilioni 91.6 zilitoka serikalini na katika benki za maendeleo, na asilimia 69 ya hizo ilikuwa mikopo. Ruzuku ilikuwa asilimia 28. Kwa kila dola 100 za umma, basi, dola 69 zinarudi kwa mkopeshaji, nyingine na riba juu. Aliyebebeshwa mzigo anadaiwa gharama ya kuubeba. Hilo hata sanamu haikulisema.

Nina neno moja dhidi ya kazi hii: Mwafrika wake hana sauti. Amesimama, amebeba, basi. Ndani ya ukumbi mambo yalikuwa tofauti. Tarehe 14 Desemba wajumbe wa Afrika walisimamisha mazungumzo kwa saa kadhaa, wakihofia kwamba Itifaki ya Kyoto, iliyozibana nchi tajiri kisheria zipunguze hewa chafu, ingetupwa, na Lumumba Di-Aping wa Sudan, aliyeongoza kundi la nchi zinazoendelea la G77, aliukataa waziwazi mkataba uliokuwa ukiandaliwa. Mchongaji angewaona hao, pengine angemfumbua yule mtu mdomo.

Mwaka 2024, katika mkutano mwingine wa tabianchi mjini Baku, nchi zinazoendelea zilidai dola trilioni 1.3 kwa mwaka. Nchi tajiri zilikubali kuongoza upatikanaji wa bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035. Msomaji, ukisikia kiongozi wako akiipigia makofi tarakimu hiyo, muulize kabla ya lolote lingine: katika hizo, ngapi ni ruzuku na ngapi tutazilipa?