Yonatan Netanyahu: Kamanda aliyeuawa Entebbe na namna anavyokumbukwa

Na Mwandishi Wetu

USIKU wa kuamkia Julai 4, mwaka 1976, ndege ya kijeshi ya Israel aina ya Hercules ilitua katika Uwanja wa Ndege wa Entebbe, Uganda, bila ya askari wa uwanja huo kufahamu iliyembeba. Katika muda usiozidi saa moja mateka zaidi ya 100 walikuwa wameokolewa na watekaji nyara saba wameuawa. Katika kikosi cha waokoaji, askari mmoja tu alipoteza maisha.

Askari huyo alikuwa Luteni Kanali Yonatan Netanyahu, kijana wa miaka 30, kamanda wa makomandoo waliolivamia jengo walimofungiwa mateka. Operesheni hiyo, ambayo awali ilipewa jina la Radi, ilibadilishwa baadaye na kuitwa Operesheni Yonatan kwa heshima yake.

Wasomaji wengi wa Afrika Mashariki wanalifahamu tukio la Entebbe kupitia simulizi za utawala wa Idi Amin. Wachache wanafahamu kamanda huyo alikuwa nani, kwa nini alikuwa mstari wa mbele ilhali ndiye aliyekuwa mkubwa wa kikosi, na kwa nini kifo chake kiliacha alama kubwa katika siasa za nchi yake.

Alikuwa nani?

Yonatan, aliyezoeleka kwa jina la Yoni, alizaliwa New York, Marekani, Machi 13, 1946. Baba yake, Benzion Netanyahu, alikuwa mwanahistoria, na kazi yake iliifanya familia iishi kwa zamu kati ya Israel na Marekani. Wadogo zake walikuwa wawili: Benjamin, ambaye miaka 20 baada ya kifo cha kaka yake alikuja kuwa Waziri Mkuu wa Israel kwa mara ya kwanza, na Iddo, ambaye ni daktari na mwandishi.

Baada ya kumaliza shule ya sekondari katika jimbo la Pennsylvania, Yonatan alirejea Israel mwaka 1964 na kujiunga na askari wa miavuli. Katika Vita ya Siku Sita ya mwaka 1967 alipigana na kujeruhiwa kiwiko cha mkono. Mwaka huo huo alioa, akaenda kusoma Chuo Kikuu cha Harvard, lakini hakukaa sana. Alirejea nyumbani, na baadaye jeshini, katika kikosi maalumu kiitwacho Sayeret Matkal.

Aprili 1973 alishiriki katika uvamizi wa makomandoo wa Israel mjini Beirut, Lebanon, dhidi ya viongozi wa Kipalestina. Oktoba mwaka huo, vita ilipozuka dhidi ya Misri na Syria, alipigana katika miinuko ya Golan na kutunukiwa nishani kwa kumwokoa ofisa mwenzake aliyejeruhiwa nyuma ya mistari ya majeshi ya Syria. Mwaka 1975 alikabidhiwa ukamanda wa Sayeret Matkal.

Barua alizowaandikia ndugu na marafiki zake tangu ujanani zilikusanywa na kuchapishwa kuwa kitabu baada ya kifo chake. Zinamwonyesha mtu aliyeamini kwamba nchi yake haiwezi kuishi bila ya jeshi, lakini pia mtu aliyechoka, ambaye ndoa yake ilivunjika na ambaye kila mara aliahirisha masomo ili arudi kambini.

Kwa nini kamanda alikuwa mbele?

Katika majeshi mengi, ofisa wa cheo cha Luteni Kanali huongoza akiwa nyuma, mahali pa mawasiliano. Jeshi la Israel lilijijengea desturi tofauti tangu miaka yake ya mwanzo. Amri ya ofisa wakati wa shambulizi si "songeni mbele", bali ni "nifuateni". Matokeo ya desturi hiyo ni kwamba katika vita nyingi za nchi hiyo maofisa wamekufa kwa wingi kuliko uwiano wa idadi yao jeshini.

Aidha, ifahamike kwamba Yonatan hakuwa kiongozi wa operesheni nzima. Kiongozi wa majeshi ya ardhini pale Entebbe alikuwa Brigedia Jenerali Dan Shomron. Kazi ya Yonatan ilikuwa ile ya hatari zaidi, yaani kulifikia jengo la zamani la abiria kabla watekaji hawajapata nafasi ya kuwaua mateka.

Safari ya kuelekea Entebbe

Juni 27, 1976, ndege ya Shirika la Ndege la Ufaransa iliyokuwa ikitoka Tel Aviv kwenda Paris ilitekwa muda mfupi baada ya kuondoka Athens, Ugiriki. Ilikuwa na abiria zaidi ya 240 na wafanyakazi 12. Watekaji walikuwa wanne: Wapalestina wawili na Wajerumani wawili, mmoja wao mwanamke. Ndege hiyo ilipitia Benghazi, Libya, kujaza mafuta, kisha ikatua Entebbe Juni 28.

Watekaji walidai kuachiwa kwa wafungwa 53, wengi wao wakiwa Israel, na wengine katika nchi kadhaa ikiwamo Kenya. Dai hilo kwa Kenya halikuja bure. Januari mwaka huo watu kadhaa walikamatwa Nairobi wakituhumiwa kupanga kuitungua ndege ya Israel kwa makombora.

Pale Entebbe, abiria wa Israel pamoja na Wayahudi wengine kadhaa walitenganishwa na wenzao. Abiria wengine waliachiwa kwa makundi mawili. Rubani Mfaransa, Michel Bacos, pamoja na wafanyakazi wenzake, walikataa kuwaacha mateka waliobaki.

Amin, ambaye mwanzoni mwa utawala wake alikuwa rafiki wa Israel kabla ya kuvunja uhusiano huo mwaka 1972, alijitokeza kama msuluhishi, lakini askari wake walilinda jengo pamoja na watekaji. Alipokwenda Mauritius kwenye mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU), tarehe ya mwisho iliyowekwa na watekaji ilisogezwa hadi Julai 4. Siku hizo chache ndizo zilizoipa Serikali ya Waziri Mkuu Yitzhak Rabin nafasi ya kujipanga.

Ndege nne za Hercules zilisafiri takriban kilometa 4,000. Ya kwanza ilibeba gari jeusi aina ya Mercedes na Land Rover, ili ionekane kana kwamba ni msafara wa kiongozi wa Uganda. Njiani kuelekea kwenye jengo, askari wa zamu wa Uganda waliushitukia msafara huo, risasi zikafyatuliwa, na makomandoo wakalazimika kukimbilia jengoni. Yonatan alipigwa risasi akiwa nje ya jengo hilo, na hakupona.

Mateka watatu waliuawa katika mapambano hayo. Wa nne, Dora Bloch, bibi mzee aliyekuwa amepelekwa Hospitali ya Mulago, Kampala, kabla ya uvamizi, aliuawa baadaye na watu wa Amin. Mabaki yake yalipatikana mwaka 1979, baada ya majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda kumwondoa Amin madarakani, yakapelekwa kuzikwa Jerusalem.

Jinsi anavyokumbukwa

Yonatan alizikwa katika makaburi ya kijeshi ya Mlima Herzl, Jerusalem, na Waziri wa Ulinzi wa wakati huo, Shimon Peres, alitoa hotuba ya maombolezo. Kila mwaka, siku moja kabla ya sherehe za uhuru, Israel huadhimisha Siku ya Kumbukumbu ya askari waliokufa. Ving'ora hulia nchi nzima, magari husimama barabarani, na watu hushuka na kusimama kimya. Ni nchi ambayo vijana wengi hupitia jeshini kwa mujibu wa sheria, hivyo msiba wa askari huingia karibu kila mtaa.

Kwa familia ya Netanyahu, kumbukumbu hiyo ilivuka mipaka ya msiba wa nyumbani. Waliunda taasisi iliyopewa jina la marehemu, ambayo iliandaa mkutano mkubwa kuhusu ugaidi mjini Jerusalem mwaka 1979 na mwingine Washington mwaka 1984. Mikutano hiyo ilimtambulisha Benjamin kwa wanasiasa wakubwa wa Marekani. Julai 4, 2016, akiwa Waziri Mkuu, alifika Entebbe kuadhimisha miaka 40 ya tukio hilo akiwa mgeni wa Rais Yoweri Museveni.

Hata hivyo, si wote wanaosimulia kwa namna moja. Baadhi ya waliokuwa naye usiku ule, akiwamo msaidizi wake Muki Betser, wameeleza kwamba uamuzi wa kuwafyatulia risasi askari wa zamu ulikuwa kosa lililohatarisha mpango mzima. Familia, hasa Iddo aliyeandika kitabu kuhusu operesheni hiyo, inakataa. Mabishano hayo yameendelea kwa miongo kadhaa, na yanaonyesha jinsi ilivyo vigumu kumzungumzia kama binadamu mtu ambaye taifa limekwisha kumfanya shujaa.

Waliobaki nje ya simulizi

Kwa upande wetu wa Afrika Mashariki, usiku ule una hesabu nyingine. Makumi ya askari wa Uganda waliuawa na ndege za kivita za nchi hiyo ziliteketezwa uwanjani. Katika Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, Tanzania, iliyokuwa mjumbe wakati huo, iliungana na Libya na Benin kuandaa azimio la kulaani uvamizi huo kama ukiukaji wa mamlaka ya nchi, ingawa halikupigiwa kura. Ikumbukwe kwamba msimamo huo ulitoka kwa nchi ambayo kiongozi wake, Mwalimu Julius Nyerere, hakumtambua Amin.

Kenya, iliyoruhusu ndege za Israel kujaza mafuta Nairobi na majeruhi kutibiwa, ililipa gharama kubwa zaidi. Amin aliwageukia Wakenya waliokuwa wakiishi Uganda. Idadi ya waliouawa inayotajwa mara nyingi ni 245, na maelfu walikimbia. Mei 1978, Bruce McKenzie, waziri wa zamani wa Kenya aliyehusishwa na msaada huo kwa Israel, aliuawa kwa bomu lililotegwa katika ndege aliyopanda kutoka Uganda.

Wakenya hao hawakuwa wateka nyara wala makomandoo. Walikuwa raia wa kawaida waliokuwa wakiishi Uganda. Majina yao hayatajwi katika filamu zilizotengenezwa kuhusu Entebbe, na waliobaki kuyataja ni jamaa zao, kila familia kwa upande wake.