Mchele Unavuka, Pesa Je?

Haya wajukuu, sogeeni karibu.

Alikuwako mama mmoja Tunduma, upande wa Tanzania, muuza mchele. Wateja wake walivuka kutoka Nakonde, upande wa Zambia, wakabeba magunia, wakalipa kwa kwacha au kwa shilingi. Tangu mwaka 2019 hapo mpakani pana kituo cha pamoja cha forodha, na mizigo hukaguliwa mara moja badala ya mbili. Mama akajiwekea shilingi laki tano. Aliposikia kwamba serikali ya Zambia hukopa kwa watu na kulipa riba, akauliza: mchele wangu unavuka, mbona pesa yangu isivuke?

Swali hilo ni zuri, nami nalipenda. Mkopo wa namna hiyo huitwa hatifungani: unaikopesha serikali, inakulipa riba kwa vipindi, na muda ukiisha inakurudishia mtaji. Mfuko wa hatifungani ni kama kikoba kikubwa: wengi wanachanga, meneja ananunua kwa niaba yao.

Sasa tuifuate pesa ya mama. Kizuizi cha kwanza ni sheria. Tangu Sheria ya Fedha za Kigeni ya 1992, Benki Kuu ya Tanzania ndiyo inayosimamia uwekezaji unaovuka mipaka. Masharti yalianza kulegezwa mwaka 2014 kwa nchi za Afrika Mashariki, na mwaka 2022 kwa nchi za Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika (SADC), ambamo Zambia imo.

Lakini sheria ikilegea, vizuizi vingine vinabaki. Mwaka 2017 Kenya iliuza M-Akiba, hatifungani ya kununuliwa kwa simu, kuanzia shilingi 3,000 za Kenya. Ingemfaa sana mama yetu! Ila ilidai kitambulisho cha Kenya. Na zile hatifungani ambazo serikali huziuza kwa dola katika masoko ya dunia, kiwango chake cha chini cha kununua mara nyingi ni dola 200,000. Hapo mimi naona uonevu: mlango upo, ila kizingiti kimejengwa kwa urefu wa matajiri.

Kisha kuna kubadilisha fedha. Shilingi igeuke kwacha, na siku ya kuvuna kwacha igeuke shilingi. Kila mara mbadilishaji anachukua chake. Kwacha ikishuka katikati, riba yote inaweza kumezwa.

Na mkopaji mwenyewe anaweza kushindwa. Novemba 2020 Zambia ilishindwa kulipa riba ya dola milioni 42.5 kwa wenye hatifungani zake za dola. Mazungumzo nao yalifika mwisho mwaka 2024. Wakopeshaji wakubwa walikuwa na wanasheria wa kuwasemea. Mama wa Tunduma angesemewa na nani? Ndiyo maana silaumu kila kizuizi. Tahadhari ya Benki Kuu ina sababu yake.

Hapa nyumbani, hatifungani ya serikali huanzia shilingi milioni moja. Laki tano za mama hazifiki, lakini Mfuko wa Hatifungani wa UTT AMIS, kampuni ya serikali ya kusimamia mifuko ya uwekezaji, ulioanzishwa mwaka 2019, hupokea hata za wadogo.

Kwa hiyo, wajukuu, mtu akikupigia simu akuahidi hatifungani za ng'ambo, usitume hata senti. Uliza kwanza kama ana leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, kisha uhakikishe kwa Mamlaka yenyewe.