Jua, Hewa na Mtoto Aliyelala Chini ya Mabati

  

Leo ninaanza na swali. Saa sita mchana jua huwa juu ya utosi, na hapo ndipo huwaka kwa nguvu zaidi. Mbona basi joto kali kabisa huja saa nane, saa tisa, hata saa kumi, wakati jua limekwisha kuanza kuteremka? Shika swali hilo. Jibu lake laweza kumwokoa mtoto.

Wengi wetu hudhani kwamba jua hupasha hewa moto moja kwa moja kutoka juu. Sivyo hasa. Tuseme nguvu za jua zinazofika duniani ni shilingi 100. Kama shilingi 30 hivi hurudishwa angani na mawingu, hewa yenyewe, na mahali peupe kama penye theluji au mchanga. Kama shilingi 23 hubaki ndani ya hewa na mawingu. Zile 47 zinazosalia, karibu nusu, humezwa na ardhi na bahari.

Kwa hivyo ardhi ndiyo jiko, na hewa ni sufuria iliyotelekwa juu yake. Ardhi ikishapata moto huupeleka kwa hewa kwa njia tatu. Kwanza, hewa inayogusa ardhi hupata joto, huwa nyepesi na kupanda juu, nayo hewa baridi hushuka kuchukua nafasi yake. Pili, maji ya ziwani, baharini na kwenye majani huwa mvuke na kupanda na joto lake. Tatu, ardhi hutoa miali ya joto isiyoonekana kwa macho. Unaijua miali hiyo. Jioni pitisha mkono karibu na ukuta wa mawe uliopigwa na jua mchana kutwa. Hujaugusa, lakini joto unalisikia.

Miali hiyo ingeenda zake angani yote, tungeganda. Lakini mvuke wa maji na hewa ya kaboni dayoksaidi huishika na kurudisha sehemu yake chini, kama blanketi. Bila blanketi hilo wastani wa joto la dunia ungekuwa nyuzi 18 chini ya sufuri. Kwa sababu lipo, wastani ni kama nyuzi 15. Ndiyo maana usiku wenye mawingu huwa na vuguvugu, na usiku wa anga safi huko Nyandarua huweza kuleta sakitu inayochoma viazi shambani.

Sasa jibu la swali letu. Sufuria haichemki papo hapo unapowasha jiko. Baada ya saa sita, ardhi bado inapokea joto jingi kuliko linalotoka, kwa hivyo hewa huendelea kupata moto hadi alasiri. Ndiyo sababu pia Limuru kuna baridi kuliko Mombasa, ingawa Limuru iko juu zaidi. Unapopanda mlima unaliacha jiko chini. Kwa kila kilomita moja ya kupanda, joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi.

Mama, hebu tuingie nyumbani. Mabati ni membamba, tena ni chuma. Yakipigwa na jua hupata moto haraka na kumwaga miali ya joto chini, kitandani alikolala mtoto. Wewe uko nje kwenye kivuli unafua, unapigwa na upepo, unaona hali si mbaya. Ndani, madirisha yamefungwa, na mtoto amefungwa shali kama wakati wa asubuhi ya baridi. Saa hiyo ya tisa ndiyo ya kuchunguza.

Mtoto mchanga hashindani na joto kama mtu mzima. Mwili wake mdogo hupata moto upesi, jasho lake halijawa na nguvu ya kutosha, na hawezi kujivua nguo wala kuomba maji. Pwani kuna tatizo la ziada: hewa imejaa unyevu, jasho halikauki, na jasho lisilokauka halipozi mwili. Lodwar hewa ni kavu, jasho hukauka mara moja, na maji hutoka mwilini bila mtu kutambua.

Ufanye nini? Mchana, mlaze mtoto mahali penye hewa, hata kama ni mkeka chini ya mti, mtu akimwangalia. Fungua dirisha na mlango ili upepo upite. Mvike nguo moja nyepesi ya pamba. Usimfunike uso kwa shali au leso, maana hewa ya moto hunaswa humo. Ukimbeba mgongoni kwenye jua, kumbuka kwamba joto lako na lake yamekutana. Simama kivulini mara kwa mara umtazame. Ukiweza, tia dari chini ya mabati, lakini iwe mbali na jiko na taa. Na usimwache mtoto ndani ya gari lililofungwa, hata dakika chache. Mwanga wa jua hupita kwenye kioo, lakini joto lake hunaswa ndani.

Kuhusu kunywa: mtoto wa chini ya miezi sita hahitaji maji, hata Januari na Februari kukiwa na kiangazi. Sehemu zaidi ya 80 katika kila 100 za maziwa ya mama ni maji. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi, nawe unywe maji ya kutosha. Aliyepita miezi sita mpe maji safi mara kwa mara, usingoje alie.

Sasa dalili. Vipele vya harara shingoni na kwapani ni onyo dogo: mpunguzie nguo, mwoshe, mkaushe. Lakini mdomo ukikauka, akilia bila machozi, mkojo ukipungua, macho yakiingia ndani au utosi ukibonyea, maji yamepungua mwilini. Mnyonyeshe, na umpeleke zahanati. Akiwa na moto mwingi mwilini na amelegea, haamki vizuri, anatapika au anapata degedege, hiyo ni hatari kubwa. Mtoe kwenye joto, mvue nguo, mpanguse mwili mzima kwa maji huku ukimpepea, na safari ya hospitali ianze. Kama hana fahamu, usimtie kitu chochote mdomoni.

Tafadhali usiseme tu, "Ni jua hilo." Mtoto akiwa bado ana moto mwilini baada ya kupumzishwa kivulini, huenda ni malaria au ugonjwa mwingine, na ni lazima apimwe. Aliye chini ya miezi miwili asingojewe hata kidogo.

Utauliza, mbona zamani tuliishi na jua hili hili? Jua ni lile lile. Blanketi ndilo limenenepa. Kabla ya viwanda, kaboni dayoksaidi ilikuwa kama sehemu 280 katika kila milioni ya hewa. Leo imepita 420, kwa sababu ya kuchoma makaa ya mawe, mafuta na misitu. Machi 2024, majirani zetu wa Sudan Kusini walilazimika kufunga shule kwa sababu ya joto. Mti unaoupanda leo kando ya nyumba hautaliponya anga zima, lakini kivuli chake kitamfaa mjukuu wako.

Kumbuka mambo matatu. Jua hupasha ardhi, na ardhi hupasha hewa, kwa hivyo alasiri ndiyo saa ya kuwa macho. Hewa, nguo nyepesi na ziwa la mama ndiyo kinga ya mtoto. Na mtoto aliyelegea hangojei jioni.

Sasa kama ni saa tisa hapo ulipo, weka kazi chini kidogo, uende umguse mtoto shingoni.