Je, Mgonjwa Wenu wa Nyumbani Anatunzwa Vizuri?

Katika vijiji vyetu wapo watu wanaolala kitandani mwezi baada ya mwezi. Yupo mzee aliyepooza upande mmoja kwa kiharusi. Yupo bibi aliyevunjika nyonga. Yupo mwenye saratani ambaye hospitali imesema arudi nyumbani. Watu hawa hawana nesi wa kukaa nao. Wanatunzwa na mke, binti, mjukuu, au msichana wa kazi aliyeletwa na watoto walioko mjini.

Watoto wa mjini hutuma pesa. Halafu hupiga simu na kuuliza, "Mama anaendeleaje?" Wanajibiwa, "Hajambo, anakula vizuri tu." Miezi 3 inapita. Siku wanapofika wanakuta chumba kimefagiwa, shuka ni safi, na uji umo mezani. Lakini wakimgeuza mama wanaona kidonda chini ya mgongo, kirefu mpaka mfupa unaonekana. Mtu hufa kwa kidonda kama hicho, si kwa kiharusi chake.

Basi mtu atajuaje mapema? Sisi tunasema hivi: tazama mwili wa mgonjwa, usitazame shuka. Shuka hubadilishwa mara mgeni anapoonekana njiani. Mwili haubadilishwi kwa dakika 10.

Tuanze na ngozi

Mtu mzima wa afya akilala hujigeuza usiku kucha bila kujijua. Aliyepooza hawezi. Uzito wake unabana nyama kati ya mfupa na godoro. Damu haipiti hapo, na nyama inakufa. Jambo hili laweza kuanza kwa saa chache tu. Tena mara nyingi kidonda huanzia ndani karibu na mfupa, na kinapoonekana juu kimekwisha kuwa kikubwa.

Mahali pa kutazama ni chini ya mgongo, nyonga, visigino, vifundo vya miguu, viwiko, mabega na kisogo. Mfunue mgonjwa kwa heshima, mlango ukiwa umefungwa. Kama ni mama, afunuliwe na mwanamke mwenzake. Mara nyingi tunaambiwa tutafute wekundu. Kwa ngozi yetu nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Wewe tafuta mahali palipozidi weusi kuliko pembeni yake, au penye rangi ya zambarau. Paguse kwa mkono. Je, pana joto kuliko pengine? Ni pagumu, au pamelegea kama embe lililoiva mno? Mgonjwa anasema panauma? Ukiona dalili hizo, usipasugue wala usipakande. Mlaze upande mwingine, na siku hiyohiyo mwite mhudumu wa afya. Kama ngozi imekwisha chubuka, zahanati wapewe habari bila kungoja kesho. Wapo wanaotia majivu, samadi au unga wa vidonge kwenye kidonda. Hiyo si dawa. Ni kupanda uchafu ndani ya nyama.

Kinga yake haina gharama kubwa, ila ina kazi. Mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa 2, mchana na usiku. Awekewe mto kati ya magoti. Mto mwingine uwe chini ya mashavu ya miguu ili visigino visiguse godoro. Akihamishwa asiburutwe, maana kuburuta kunachuna ngozi. Watu 2 wamwinue kwa shuka. Akijikojolea, asafishwe na kukaushwa mara moja.

Kuna jambo moja ambalo watu wengi hulifanya kwa nia njema. Wanamwekea mgonjwa kata ya nguo chini ya makalio, kama ile ya kubebea ndoo, ili kidonda kisiguse kitanda. Jamani, kata hiyo inabana damu pande zote za kidonda. Iondoeni.

Kinywa, mkojo na maumivu

Mwombe mgonjwa afungue kinywa. Midomo iliyopasuka na ulimi mkavu ni dalili kwamba hanywi maji ya kutosha. Mkojo wake ukiwa na rangi ya chai ya rangi, mara nyingi habari ni hiyohiyo. Wakati mwingine si kwamba mgonjwa hataki maji. Mtunzaji ndiye anayempunguzia ili asifue shuka mara nyingi. Usigombe kwanza. Uliza kuna shuka ngapi, sabuni ipo, na maji yanachotwa umbali gani. Pengine dawa ya kiu ya mzee ni kununua shuka 2 na kipande cha nailoni cha kutandika juu ya godoro.

Uwepo wakati wa chakula. Mgonjwa akilishwa huku amelala chali, chakula kinaweza kwenda njia ya hewa na kumletea nimonia. Akalishwe wima, aegemee mito, alishwe polepole, na abaki ameketi kama nusu saa baada ya kula. Akikohoa kila anapokunywa maji, zahanati waambiwe.

Tena mwenye saratani asiachwe alie usiku kucha kwa sababu eti "ndivyo ugonjwa ulivyo." Ipo dawa ya maji ya mofini, ya kunywa, ambayo hutolewa na hospitali zenye kibali. Mganga aulizwe waziwazi itapatikana wapi. Nyumba ambayo mgonjwa analia kila usiku na hakuna aliyekwenda kuuliza, hatuwezi kusema inatunza vizuri.

Hesabu vidonge

Hapa ndipo kusoma na kuhesabu kunapotufaa. Tuseme mzee amepewa vidonge 60 vya presha. Anameza 1 asubuhi na 1 jioni. Ameanza tarehe 1 asubuhi. Tarehe 11 asubuhi kabla hajameza, siku 10 zimepita. Amekwisha meza 20. Lazima vibaki 40. Ukikuta 52, basi vidonge 12 havikumezwa. Ukikuta 31, kuna 9 vilivyozidi kutoka. Labda alimezeshwa mara mbili, labda jirani alipewa. Kwa vyovyote vile, mganga ajue. Na vidonge vya presha havikomeshwi kwa sababu mzee anajisikia vizuri. Anajisikia vizuri kwa kuwa anavimeza.

Nunueni daftari la shule. Kila siku iwe na ukurasa wake: saa aliyogeuzwa na upande aliolala, alichokunywa, dawa, na choo. Anayetunza aandike mara tu anapofanya. Lakini daftari nalo laweza kusema uongo. Ukiona juma zima limeandikwa kwa mwandiko mmoja uliotulia, bila doa la uji wala kosa, kuna mtu aliyelijaza kwa kikao kimoja. Lilinganishe na ngozi, kinywa na hesabu ya vidonge.

Zungumza naye peke yake

Ukimwuliza mzee mbele ya mtunzaji, "Baba, unatunzwa vizuri?" atajibu vizuri. Afanyeje? Huyo ndiye atakayemlisha ukiondoka. Mtume mtunzaji dukani, ukae karibu na kitanda. Uliza maswali madogo: "Jana jioni ulikula nini? Usiku ukitaka maji unamwita nani? Anakuja?" Mgonjwa asiyeweza kusema, tazama macho yake mtunzaji anapoingia. Angalia pia michubuko ambayo haina maelezo.

Chumba chenyewe kitazame pia. Jiko la mkaa lisiwekwe ndani usiku milango ikiwa imefungwa, hata kama ni baridi. Hewa yake inaua bila harufu. Kibatari kisikae karibu na chandarua.

Na anayetunza je?

Mara nyingi tunamlaumu mtunzaji, na tunasahau kuuliza analala saa ngapi. Mtu anayeamka kila saa 2 usiku, na kulima mchana, na kupika, hawezi kudumu. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilisema familia ndiyo msingi wa matunzo ya wazee. Familia ni wengi, si binti mmoja. Gawaneni zamu, na kaka zake wamo. Mtunzaji apate sabuni, na glavu za kuvaa anaposhika damu au kinyesi. Kama ni wa kuajiriwa, mshahara na siku ya kupumzika viandikwe, kila mmoja abaki na karatasi yake.

Mtoto asiachishwe shule akatunze bibi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14. Tena hebu fikiri, mtoto wa miaka 12 atamwinuaje mtu mzima? Bibi ataburutwa, na mtoto ataumia mgongo.

Msaada upo. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wenye shabaha ya kupata wahudumu 137,294, yaani 2 kwa kila kitongoji na mtaa. Mhudumu huyu husomeshwa miezi 6. Hutembelea kaya, hufundisha, hutambua dalili za hatari na kumpeleka mgonjwa zahanati. Yeye si daktari, wala hafanyi kazi ya msichana wa nyumbani. Mtu akija na mkoba akataka kumpiga mgonjwa sindano kwa pesa, mwombe kitambulisho, kisha mpelekee habari mganga wa zahanati kabla sindano haijatoka kwenye mkoba.

Mkiona mgonjwa anapigwa, ananyimwa chakula, au pesa zake zinaliwa, mwambieni mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji wa kijiji. Wao wataita afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Kama anayeonewa ni mtoto aliyewekwa kutunza, pigeni simu namba 116. Ni bure.